Saluni, wembe na mkorogo: nani ana haki ya kukagua nini?

Msomaji wetu wa Morogoro ameandika: "Nina saluni ya kike yenye chumba cha kinyozi pembeni. Leseni ya biashara ninayo na kodi ninalipa. Mwaka huu amekuja bwana afya, wakaja watu wa TBS wakachukua makopo ya krimu, kisha nikaambiwa bado sijajisajili OSHA. Je, serikali ina haki ya kuingilia kazi ya kusuka na kunyoa kiasi hiki? Fundi wangu asiye na cheti anavunja sheria? Na rafiki yangu niliyetaka kuingia naye ubia ni raia wa Uganda. Mbona tunaambiwa haiwezekani?"

Dada yangu, nitakujibu kwanza kwa kifupi. Haki hiyo serikali inayo, lakini kila ofisi ina jambo lake la kuangalia, na leseni uliyoitundika ukutani haijibu maswali ya ofisi nyingine. Fundi wako asiye na cheti havunji sheria kwa kushika mkasi au kitana, kwa kuwa Tanzania Bara haina leseni ya kitaaluma ya ususi wala ya unyozi. Suala la mwenzako wa Uganda ni zito zaidi, na nitalifikia.

Mkanganyiko wako una chanzo kinachoeleweka. Hatuna sheria moja ya saluni. Kazi yako inaguswa na sheria nyingi zilizotungwa kwa nyakati tofauti na kwa makusudi tofauti, na kila moja inamtuma mtu wake mlangoni kwako. Mwenye duka la nguo hupata wageni wachache zaidi kwa sababu nguo haimkati mteja wala haiingii katika ngozi yake. Wewe unauza huduma inayogusa mwili wa mtu kwa chuma, kwa kemikali na kwa mikono, na hapo ndipo haki ya serikali inapoanzia. Kwa maoni yangu hapo pia ndipo inapopaswa kukomea, ingawa kwa vitendo mara nyingi imeshughulika zaidi na karatasi kuliko na wembe.

Tuanze na leseni. Inatolewa chini ya Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1972, ambayo ni Sura ya 208 ya sheria zetu, na kwa biashara ya kiwango chako mtoaji ni halmashauri, siku hizi kupitia mfumo wa mtandaoni uitwao TAUSI. Ili uipate ulionyesha namba ya mlipakodi, cheti cha kutodaiwa kodi na mkataba wa pango. Tazama vitu hivyo, dada: hakuna hata kimoja kinachohusu usafi wa kitana. Leseni inasema kwamba fulani anaruhusiwa kufanya biashara fulani mahali fulani, basi. Vivyo hivyo vile vitambulisho vya wajasiriamali wadogo vilivyoanza kugawiwa mwishoni mwa 2018 kwa shilingi 20,000, kwa wenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka. Vinyozi na wasusi wengi walivitumia, na vilikuwa msaada mkubwa kwao, kwa kuwa viliwaondolea usumbufu wa ushuru wa kila siku. Hata hivyo wapo walioamini kwamba vinawaondolea pia bwana afya, jambo ambalo halikuwa kweli.

Sasa hao waliochukua makopo yako. Hadi katikati ya 2019 kazi hiyo ilikuwa ya Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA, chini ya Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya mwaka 2003. Wafanyabiashara walilalamika kwa muda mrefu kwamba bidhaa ileile inakaguliwa na TFDA na tena na Shirika la Viwango, TBS, na kwamba wanalipa mara mbili kwa jambo moja. Serikali ililikiri tatizo hilo katika mpango wake wa kuboresha mazingira ya biashara wa mwaka 2018, na kupitia Sheria ya Fedha ya 2019 usimamizi wa chakula na vipodozi ukahamishiwa TBS, huku TFDA ikibaki na dawa na vifaa tiba na kuitwa TMDA. Kwa hiyo ukiona barua ya zamani yenye nembo ya TFDA kuhusu krimu, ujue ofisi hiyo haipo tena kwa jina hilo wala kwa kazi hiyo. Wenye saluni Zanzibar wana chombo chao, Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, na taratibu zake wazifuate huko.

TBS hawaji kuangalia unavyosuka. Wanaangalia kipodozi: kama kimesajiliwa, kama kina lebo inayosomeka, kama muda wake haujapita, na kama hakina viambato vilivyokatazwa. Vitatu kati ya viambato hivyo ndivyo vinavyosumbua saluni zetu kuliko vingine vyote, nami nakusihi uvijue kwa majina. Cha kwanza ni zebaki, ambayo huizuia ngozi kutengeneza rangi yake ya asili, lakini hupenya mwilini na kuharibu figo. Mama mjamzito akiipaka humfikia hata mtoto aliye tumboni. Kwenye lebo inaweza kujificha nyuma ya neno calomel au herufi Hg. Cha pili ni haidrokwinoni, ambayo kwa matumizi ya muda mrefu huweza kuiachia ngozi madoa ya rangi ya samawati iliyokolea, yasiyotoka, mara nyingi usoni palepale ambapo mteja alitaka pang'ae. Cha tatu ni steroidi kali kama klobetasoli. Hii ni dawa halali hospitalini kwa magonjwa ya ngozi, kwa muda mfupi na kwa maelekezo ya daktari, lakini ikigeuzwa losheni ya kila siku ngozi hukonda, michirizi hujitokeza, fangasi hushamiri, na mwili huweza kupunguza utengenezaji wa homoni zake wenyewe.

Hapa lazima niseme wazi kuhusu mkorogo. Katika saluni nyingi nilizoingia, makopo ya rafuni yana lebo na tarehe zake, na tatizo limewekwa chumba cha nyuma: ndoo ndogo ya plastiki isiyo na maandishi, yenye krimu ya rangi ya maziwa iliyochanganywa kwa mwiko wa jikoni kutoka katika mirija na chupa mbalimbali, na mirija yenyewe imeshatupwa. Mteja hawezi kujua amepakwa nini. Fundi mwenyewe hajui, kwa sababu alichanganya kwa kukisia. Na mteja huyo akiungua, daktari hana pa kuanzia. Kisheria, anayekoroga na kuuza ametengeneza kipodozi kipya ambacho hakijasajiliwa, hata kama kila mrija aliouminya ulikuwa halali dukani. Sijui makopo yako yaliyochukuliwa yalikuwa na nini, lakini kama ndani yake kulikuwa na ndoo ya namna hiyo, nakushauri usipoteze nguvu kuidai.

Wapo wanaosema kwamba kukataza mkorogo ni kuingilia hiari ya mtu mzima juu ya ngozi yake. Naiheshimu hoja hiyo, lakini hiari inahitaji mtu ajue anachokichagua, na mkorogo kwa asili yake hauelezeki. Wala Tanzania haiko peke yake. Afrika Kusini ilipiga marufuku haidrokwinoni katika vipodozi tangu 1990, baada ya madaktari wa ngozi na wanaharakati kupaza sauti kwa miaka mingi kuhusu nyuso zilizoharibika. Rwanda ilifanya msako mkubwa madukani mwanzoni mwa 2019. Kwa zebaki kuna Mkataba wa Minamata, uliosainiwa Japani mwaka 2013 na ambao Tanzania ni mwanachama wake. Mwanzoni mkataba huo ulivumilia kiwango cha hadi sehemu moja katika milioni. Kikao cha nchi wanachama cha 2023 kiliondoa uvumilivu huo na kutaka vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki viondolewe kufikia 2025.

Kuna kitu kingine kinachopita pembeni ya macho ya wakaguzi, nacho ni piko. Najua saluni za bara nazo siku hizi huchora maua ya harusi kama za pwani. Hina ya kawaida, ile ya majani yaliyosagwa, hutoa rangi nyekundu au ya kahawia na ni nadra kumdhuru mtu. Piko, ile nyeusi tititi inayokolea kwa muda mfupi, kwa kawaida ni rangi ya nywele, na kinachoipa weusi ni kemikali iitwayo parafenilenediamini. Katika nchi za Umoja wa Ulaya kemikali hiyo inaruhusiwa kwenye rangi ya nywele kwa kiwango kisichozidi asilimia 2 wakati wa kupaka, na kuichora kwenye ngozi hairuhusiwi. Bibi harusi anaweza kuchorwa mara ya kwanza asipate kitu, kumbe mwili wake umeshaikataa kemikali. Mara ya pili mkono unavimba malengelenge yanayofuata mchoro ule ule, ua kwa ua. Baada ya hapo huenda asiweze kupaka rangi ya nywele maisha yake yote. Ukiniuliza mimi, piko ichorwe kwenye kitambaa, na kwenye ngozi ya mtu itumike hina.

Nije kwa bwana afya, ambaye kwangu ndiye mgeni muhimu kuliko wote wanaobisha mlangoni kwako. Anakuja kwa nguvu ya Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 na sheria ndogo za halmashauri yako, na anaangalia jengo, maji, choo, taka na vifaa. Haki yake ya kuingia ni ya msingi kwa sababu moja kubwa: damu. Kunyoa ndevu au kichwa kwa wembe, kuchonga nyusi, kukata kucha na kuondoa ngozi ngumu ya kisigino ni kazi zinazoweza kutoa damu, mara nyingi kidogo sana, mteja asihisi na fundi asione. Watu wengi hufikiria virusi vya UKIMWI tu, lakini ninachokihofia zaidi kwenye kiti cha kinyozi ni homa ya ini aina ya B. Kirusi chake kinaweza kubaki hai nje ya mwili, kwenye chuma kilichokauka, kwa siku 7 au zaidi. Watoto wetu wanachanjwa dhidi yake tangu 2002, lakini mteja wako aliyezaliwa kabla ya hapo, na fundi wako wa umri huo, hawana kinga hiyo isipokuwa kama waliitafuta wenyewe. Chanjo ya watu wazima ipo, na kama nina agizo moja tu la kumpa mwenye saluni, ni hili: mafundi wachanjwe kabla hujanunua kioo kipya.

Wengi watakuonyesha kile kisanduku chenye taa ya bluu na kukuambia kwamba vijidudu vya kwenye vifaa vimeuawa humo. Nimekifungua mara nyingi. Ndani hukuta mashine yenye nywele za mteja aliyetangulia zimekwama katikati ya meno, kitana chenye mafuta, na wembe uliolaliwa na mkasi. Mwanga huo unafanya kazi pale tu unapofika, na chini ya nywele, chini ya mafuta au kwenye kivuli cha kifaa kingine haufiki. Visanduku vingi kati ya hivyo vinafaa kuhifadhia kifaa ambacho kimeshasafishwa, kukisafisha haviwezi. Mteja anayeona taa ya bluu hutulia, na utulivu huo usiokuwa na msingi ndio unaonitia wasiwasi.

Njia inayofanya kazi ni rahisi na wala haihitaji mashine ya bei ghali. Kwanza kifaa kipigwe brashi nywele zote zitoke, kisha kioshwe kwa maji na sabuni, kwa sababu dawa ya kuua vijidudu haipenyi uchafu. Kisha vifaa vya plastiki na vya chuma kisichoshika kutu viloweshwe kwa dakika 10 katika maji ya klorini ya asilimia 0.5. Kama unatumia Jik ya asilimia 3.5, kipimo ni kikombe kimoja cha Jik kwa vikombe sita vya maji, na mchanganyiko huo uutengeneze upya kila asubuhi kwa sababu nguvu yake hupotea. Klorini hula chuma, hivyo suuza, kausha, na tia tone la mafuta ya cherehani. Meno ya mashine ya kunyolea yafunguliwe, yapigwe brashi, yaloweshwe kwa spiriti ya asilimia 70 na yaachwe yakauke yenyewe. Kupitisha kitambaa chenye spiriti huku mteja wa pili ameshakaa kitini hakutoshi. Wembe hausafishwi. Mteja mmoja, wembe mmoja, ufunguliwe mbele ya macho yake na uingie kwenye kopo gumu lenye kifuniko lisiloweza kutobolewa, ambalo likijaa utamwuliza bwana afya namna ya kuliteketeza. Taulo ziwe za kutosha ili asiwepo mteja wa kufutwa kwa taulo ya mwenzake, maana mapunye ya watoto yanaweza kutembea kwa taulo na kitana.

Waislamu waliokwenda Hija wameona mfano mzuri wa sheria inayolenga mahali panapostahili. Umati mkubwa wa wanaume hunyoa vichwa ndani ya siku chache, na kwa hofu ya homa ya ini mamlaka za Saudi Arabia zinataka vinyozi wawe na leseni, wapimwe homa ya ini B na C na virusi vya UKIMWI, na watumie wembe wa mtu mmoja kisha utupwe. Mahujaji huonywa wasikae kwa kinyozi wa barabarani asiye na ruhusa. Hakuna anayemwuliza kinyozi yule amesoma miaka mingapi. Anaulizwa kuhusu damu yake na kuhusu wembe.

OSHA nitawapitia haraka. Wao wanaongozwa na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na wanamtazama zaidi mfanyakazi kuliko mteja. Wakikuambia ujisajili, jisajili, kwa kuwa ukiwa na mafundi wewe ni mwajiri, na mahali pa kazi ni lazima pasajiliwe. Katika saluni ya kike jambo lao kubwa ni hewa: dawa za kunyoosha nywele zenye formalini hutoa mvuke wa formaldehaidi zikipigwa pasi ya moto, na kemikali hiyo imeorodheshwa na wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Mteja huuvuta mvuke huo mara chache kwa mwaka, fundi wako anauvuta kila siku. Dirisha linalofunguka upande wa pili wa chumba ni bora kuliko kiyoyozi kinachozungusha hewa ileile.

Sasa fundi asiye na cheti. Nimesema havunji sheria, na kwa hili naona sheria yetu imefanya busara, hata kama ni kwa kunyamaza tu. Marekani ni mfano wa kutufikirisha. Huko kila jimbo lina leseni ya kinyozi au ya mrembaji, na jimbo la kwanza kuwawekea vinyozi leseni lilikuwa Minnesota mwaka 1897. Baadaye masharti yakaota hadi kuwafunika wasusi wa nywele za Kiafrika. Jestina Clayton, mzaliwa wa Sierra Leone aliyejifunza kusuka tangu utotoni, aliambiwa katika jimbo la Utah kwamba ili asuke kwa malipo asome saa 2,000 za urembaji, masomo ambayo karibu hayakugusa ususi wowote. Alikwenda mahakama ya shirikisho, na mwaka 2012 akashinda, mahakama ikiona kwamba masharti hayo hayakuwa na uhusiano wa maana na kazi yake. Jimbo la Mississippi lilikuwa limeshapata njia nyepesi zaidi tangu 2005: msusi ajiandikishe, alipe dola 25, na ajibu maswali ya kujipima kuhusu usafi na kuzuia maambukizi. Ndugu zetu waliohamia huko na wanaotaka kuishi kwa kazi ya ususi waangalie kwanza sheria ya jimbo wanaloishi, maana majimbo hayafanani.

Msimamo wangu ni kwamba Tanzania inahitaji kitu kama hicho cha Mississippi na isifike kule kwa Utah. Cheti cha siku chache cha usafi wa vifaa, kinachotolewa na idara ya afya ya halmashauri kwa ada ambayo msichana anayeanza kusuka kibarazani anaweza kuimudu, kingeokoa watu wengi zaidi kuliko kumtaka awe na stashahada. Ukiweka sharti la masomo ya mwaka mzima, hutapata mafundi wenye elimu. Utapata mafundi wanaojificha uani, mbali kabisa na macho ya bwana afya. Hata hivyo, fundi wako mwenyewe ana faida ya kutafuta cheti kwa hiari. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: hupimwa kazi anayoijua tayari, hufundishwa mapengo aliyo nayo, na hupewa cheti bila kuanza darasa la kwanza la ufundi. Kitamsaidia akiomba kazi hotelini au akitaka mkopo, nawe kitakusaidia siku mteja atakapolalamika.

Kazi moja naiweka kando na ruhusa hiyo. Fundi anayedunga sindano usoni, anayetoboa zaidi ya sikio, au anayechoma vinundu kwa asidi ameshatoka katika urembo na kuingia katika tiba. Uingereza, ambako hadi leo kinyozi hahitaji leseni ya lazima, ilipiga marufuku mwaka 2021 sindano za kunyoosha ngozi na za kujaza midomo kwa walio chini ya miaka 18 katika England, na mwaka uliofuata ikatunga sheria ya kuruhusu mfumo wa leseni kwa huduma hizo. Saluni yako ikiletewa mtu anayetoa huduma hizo kwa siku moja moja akikodi kiti, mkatalie, hata akiwa na picha nzuri za wateja wake kwenye simu.

Mwisho ni mwenzako wa Uganda. Tarehe 28 Julai 2025 Waziri wa Viwanda na Biashara alitoa amri chini ya ile ile Sheria ya Leseni za Biashara, akiorodhesha biashara 15 ambazo asiye raia haruhusiwi kuzifanya nchini. Saluni ni mojawapo, isipokuwa kama iko ndani ya hoteli au ni kwa ajili ya utalii. Asiye raia anayekiuka anakabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kifungo kisichozidi miezi 6, na zaidi ya hapo anaweza kufutiwa viza na kibali cha kuishi nchini. Aliyekuwa na leseni halali siku hiyo aliruhusiwa kuendelea hadi leseni yake iishe. Sehemu inayokuhusu wewe moja kwa moja ni ile ya raia anayemsaidia asiye raia kuifanya biashara hiyo: faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miezi 3. Maana yake ni kwamba kama mlifikiria leseni iwe kwa jina lako na mtaji na uamuzi viwe vyake, mpango huo unakuweka wewe hatarini. Naielewa sababu ya amri hiyo, kwa kuwa wafanyabiashara wadogo walilia kwa muda mrefu kuhusu ushindani, lakini nasikitika kwamba imemgusa pia jirani wa Afrika Mashariki mwenye ujuzi, na kwamba inauliza pasipoti ya mwenye saluni bila kuuliza chochote kuhusu wembe wake. Kumwajiri kama fundi ni suala tofauti, linaloongozwa na sheria ya ajira za wasio raia ya mwaka 2015, na linahitaji kibali cha kazi kabla hajaanza. Kabla ya kusaini lolote, mwoneni wakili.

Kuhusu makopo yaliyochukuliwa na ziara zitakazofuata, fanya hivi. Kila mkaguzi aonyeshe kitambulisho na aseme anakagua chini ya sheria ipi. Kikichukuliwa kitu, iandikwe orodha yenye jina la bidhaa, idadi na sababu, msaini wote wawili, nawe ubaki na nakala. Kama hukupewa, iombe kwa barua katika ofisi ya kanda ya TBS ukitaja tarehe ya ukaguzi. Malipo yoyote ya serikali yana kumbukumbu namba ya malipo inayotoka kwenye mfumo, hivyo usimpe mtu fedha mkononi hata akikuandikia risiti ya kitabu. Na mwombe bwana afya wa kata yako aandike maelekezo yake kwenye daftari unaloliweka hapo hapo saluni, na akirudi umwonyeshe lililotekelezwa na lililobaki, kuanzia na kopo la wembe na kadi za chanjo za mafundi.